Gari la Uani

Pita mtaa wowote wa Mwananyamala, Tandale, Tandika au Mbagala, utaikuta: skwea paipu ya inchi moja, milimita 25 kila ubavu. Ndiyo grili ya dirisha, ndiyo geti, ndiyo kitanda cha juu na chini cha wanafunzi wa bweni, ndiyo meza ya muuza chipsi. Mafundi wa kuchomelea huiegemeza ukutani kwa mafungu, jua linaipiga, mvua inaipiga, na wapita njia wameizoea kiasi cha kutoiona. Chuma hichohicho, ukichagua chenye ukuta wa milimita 1.6 badala ya kile chepesi cha grili, kinatosha kuwa mifupa ya gari la spoti.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya Lotus, Uingereza, alitoa gari dogo la viti viwili, Lotus Seven, lenye uzito wa takriban kilo 500, yaani chini ya nusu ya uzito wa saluni nyingi tunazopishana nazo Morogoro Road. Halikuwa na milango ya maana wala buti la maana. Lilikuwa fremu ya mabomba membamba, injini mbele, mabati ya alumini ubavuni na magurudumu manne yaliyotokeza nje. Liliuzwa pia likiwa vipande, kwa sababu gari lililokwisha kuunganishwa lilitozwa kodi ambayo vipande havikutozwa. Husimuliwa kwamba sheria ilimkataza muuzaji kuambatanisha maelekezo ya kuunganisha. Basi Lotus wakaambatanisha maelekezo ya kulifungua gari, na mnunuzi akayafuata kuanzia ukurasa wa mwisho. Lotus walipoachana na gari hilo, haki zake zikachukuliwa mwaka 1973 na Caterham, ambao wameendelea kuliunda. Kisha mwaka 1996 Ron Champion, mwalimu katika shule ya Oundle huko Uingereza, akachapisha kitabu cha kumwonyesha mtu wa kawaida namna ya kuunda gari la sura hiyo kwa paundi 250 tu. Malighafi zake zilikuwa Ford Escort kuukuu na skwea paipu ya inchi moja.

Tangu nikisome kitabu hicho, siwezi kupita mbele ya karakana ya geti bila kusimama. Ufundi unaohitajika kuliunda gari lile uko Dar es Salaam tayari. Umetawanyika tu: huyu ana kipande chake Keko, yule Gerezani, mwingine yuko chini ya mwembe nyuma ya soko. Na kila kipande, kikitazamwa kwa utulivu, kina uzuri ambao mtu anayesubiri tu kulipia na kuondoka hawezi kuuona.

Kazi huanzia mezani. Meza ya kuundia fremu lazima iwe bapa kabisa, imelazwa kwa pima maji pande zote, maana kosa lolote la meza litahamia kwenye gari na kukaa humo milele. Mchoro wa fremu huchorwa juu ya mbao kwa ukubwa wake halisi. Vipande vinakatwa, ncha zinapigwa tupa, vinajaribiwa, vinapigwa tupa tena. Kiungo kizuri ni kile kinachokaa chenyewe kabla ya moto kukigusa: ukikiinua kwenye mwanga huoni ufa. Fundi mwenye haraka huacha uwazi wa milimita 3 akitegemea kuujaza kwa kuchomelea. Kwenye grili ya dirisha hilo hupita. Kwenye fremu ya gari ule uwazi ukijazwa hunywea unapopoa, na unaponywea unavuta bomba lote.

Anayejenga mageti anaijua tayari siri kubwa ya fremu hii. Geti la mstatili mtupu, hata liwe na chuma kinene namna gani, baada ya mwaka mmoja hulala upande wa kufuli na kuanza kukwangua zege. Weka bomba moja la mshazari kutoka pembe hadi pembe, geti linatulia. Mstatili unaweza kusukumwa ukawa msambamba. Pembetatu haisukumiki isipokuwa bomba lenyewe lirefuke au lifupike. Fremu ya Lotus Seven kwa sehemu kubwa inafuata kanuni hiyohiyo: pembetatu juu ya pembetatu, nguvu itokayo kwenye gurudumu ikipewa njia iliyonyooka ya kupita ndani ya chuma, isipinde bomba lolote katikati. Ndiyo sababu mabomba membamba yanatosha. Uzito umebadilishwa kwa akili.

Halafu kuna joto, adui wa kila fundi wa kuchomelea. Chuma kikichomelewa upande mmoja hujivuta upande huo. Kwa hiyo fremu yote hushikizwa kwanza kwa nukta ndogondogo, inapimwa mshazari kwa mshazari, na vipimo viwili vinavyopaswa kulingana visipolingana nukta zinakatwa na kazi inarudiwa. Vikilingana, mshono mmoja unapigwa hapa, unaofuata unapigwa pembe ya mkabala, kisha fundi anaweka kishikio chini na kusubiri. Mtu anayemtazama atadhani amepumzika. Anaacha chuma kipoe ili kivutano cha upande huu kijibiwe na kivutano cha upande ule. Nimewaona mafundi wa namna hiyo wakishika uso wa bomba kwa mgongo wa mkono, wakiondoa, wakishika tena, na kuamua bila neno kwamba bado.

Karakana nyingi za mtaani hutumia mashine ya vijiti, si ile ya waya na gesi inayopendekezwa kwa chuma chembamba. Kijiti cha milimita 2.5 kwenye ukuta wa milimita 1.6 ni mtihani mgumu: umeme ukizidi kidogo kinatoboa, ukipungua kinaganda juu ya chuma bila kuingia ndani. Na umeme wa mtaani hupanda na kushuka. Hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Anasikiliza. Moto unaokwenda sawasawa huchemka kwa sauti moja isiyokatika. Ukianza kuguguma, fundi hubadilisha mwendo wa mkono kabla jicho halijaona kitu. Kijana wa miaka 20 aliyekwishapiga grili za nyumba nzimanzima katika Kinondoni ana mkono ambao mhandisi mwenye shahada anaweza kuutafuta kwa miaka asiupate.

Kuna tabia moja tu ambayo kijana huyo hana budi kuiacha mlangoni. Kwenye geti, mshono husagwa kwa grainda mpaka uwe laini, ukapigwa puti na rangi, mteja akafurahi. Kwenye fremu ya gari mshono haupaswi kusagwa, kwani ule mgongo ulioinuka ni sehemu ya nguvu yake, na mkaguzi lazima auone ulivyo: mawimbi yake yanafuatana kwa usawa, hauna mashimo, haujala kingo za bomba. Fremu nzuri huachwa ijieleze yenyewe.

Wala isidhaniwe kwamba kuunda gari ni jambo geni katika jiji hili. Watoto wetu huanza wakiwa wadogo, kwa waya, makopo na magurudumu ya kandambili, na usukani wa fimbo ndefu unaokunja magurudumu ya mbele kwelikweli. Wakubwa nao wana historia yao. Serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983 na daladala zikawa halali, yalifuata magari ya kila umbo, na yale ya Chai Maharage yalikuwa malori na pikapu zilizojengewa bodi na mabenchi hapahapa ili zibebe watu. Injini na chesisi zilikuja kwa meli. Kilichowabeba abiria kilitoka mikononi mwa mafundi wa mitaani. Kibaha, mwendo mfupi kutoka jijini, Shirika la Nyumbu lililo chini ya Wizara ya Ulinzi liliunda lori lenye jina hilo. Nairobi walijaribu gari la Nyayo, lililoonyeshwa hadharani mwaka 1990, na Makerere wakatoa Kiira EV, gari la umeme la viti viwili, mwaka 2011. Hao walikuwa na vyuo vikuu na serikali nyuma yao. Machi 2022, hapa Dar es Salaam, Masoud Kipanya, ambaye wengi tulimjua kwa vibonzo na kwa sauti yake redioni, alizindua gari dogo la umeme chini ya jina la Kaypee. Kilichonigusa katika habari ile kilikuwa kwamba mtu wa kalamu alikubali kuingia katika ulimwengu wa milimita, ambako mchoro ukikosewa haufutwi kwa kifutio.

Na yeyote anayedhani kwamba fundi wa nyumbani hawezi kuwashinda wenye viwanda amkumbuke Joginder Singh wa Kenya. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za East African Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika mbio za mwaka uliotangulia, gari kuukuu ambalo Joginder alilinunua na kulitengeneza upya.

Fremu ikisimama, inatafutiwa moyo. Champion alitumia Ford Escort kwa sababu Uingereza ya wakati wake ilikuwa imejaa Escort zilizooza bodi lakini nzima mitambo. Huku kwetu ningetafuta Toyota Townace ya zamani yenye injini ya 5K: silinda 4, sentimita za ujazo 1,486, imelala kwa urefu wa gari, gia boksi nyuma yake, propela shafti mpaka difu. Ndivyo hasa gari hili linavyotaka. Wengine watasema Altezza, au Mark II yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Nguvu zipo, sikatai. Ila injini ya silinda 6 ni ndefu na nzito, na ukishairefusha fremu kwa ajili yake umepoteza wepesi ambao ndio ulikuwa sababu ya kuanza.

Kupatanisha vitu ambavyo havikuzaliwa pamoja ni ufundi wa aina yake, na ndio ambao gereji za Dar es Salaam zinaufanya kila siku bila kuimbwa. Propela shafti ya Townace ni ndefu mno kwa fremu hii. Lazima ikatwe, ipelekwe kwa fundi wa kukereza, iunganishwe ikiwa imenyooka kabisa na kupigwa balansi, la sivyo gari litatetemeka mpaka meno yagongane. Vikalio vya injini vinaundwa upya. Pedeli ya klachi inahama. Kila kimoja kati ya hivyo kinagusa kingine: ukisogeza injini sentimita 2 nyuma ili uzito ukae vizuri, bomba la ekzosi linagonga nguzo ya usukani; ukihamisha nguzo ya usukani, mguu wa dereva unakosa nafasi. Fundi mzuri hukaa ndani ya fremu tupu kwenye kigoda, miguu mbele, mikono ikishika usukani usiokuwepo, na kufikiri. Zile saa za kukaa hazina cha kuonyesha jioni. Ndizo zinazoamua kama gari litapendwa au litachukiwa.

Usukani ndio unaostahili subira kuliko vyote. Raki ya usukani ya gari linalovutwa na magurudumu ya mbele mara nyingi hukaa nyuma ya ekseli. Ukiichukua vivyo hivyo na kuifunga mbele ya ekseli, dereva atakunja kulia na gari litakwenda kushoto. Hilo hugunduliwa mapema, gari likiwa bado kwenye mawe. Kasoro iliyojificha zaidi ni ya urefu wa tairodi na kimo cha raki. Gurudumu linapopanda tuta, mikono miwili inayolishika, wa juu na wa chini, hulipeleka kwa tao. Tairodi nayo huchora tao lake. Matao hayo yasipokwenda pamoja, tairodi itausukuma au kuuvuta mkono wa gurudumu, na gari litajikunja lenyewe kila linapokanyaga tuta, ingawa dereva hakugusa kitu. Katika jiji lenye matuta kama letu, gari la namna hiyo lingekuwa hatari mtaa mzima. Dawa yake ni kupima: springi zinatolewa, gurudumu linainuliwa kwa jeki sentimita moja baada ya nyingine, na kila hatua mtu anaandika kama uso wa gurudumu umegeuka. Kisha raki inapandishwa au kushushwa kwa vibati vyembamba, na vipimo vinaanza upya. Kazi hiyo haitaonekana kamwe. Hakuna mpita njia atakayesimama kuisifu raki iliyokaa kimo chake.

Sasa niseme juu ya faiba, kwa sababu nikiambiwa nichague hatua moja ya kuketi na kuitazama kutwa nzima, nitachagua hiyo. Pua na madigadi ya gari hili ni ya faiba, na pwani yetu inaijua faiba kwa boti na kwa sura za mabasi. Watu wengi huona pale kitambaa cheupe na gundi inayonuka, basi. Lakini kipande kimoja cha faiba huzaliwa mara tatu.

Mara ya kwanza ni umbo lenyewe, linaloundwa kwa mbavu za mbao, plasta na puti, halafu msasa: namba 80, namba 120, 240, 400, mpaka 1200 kwa maji. Umbo hili halitapanda gari. Kazi yake ikiisha litavunjwa, na bado linatakiwa kuwa safi kuliko kitu chochote kitakachofuata, maana mkwaruzo mmoja juu yake utaingia kwenye kalibu, na kutoka kwenye kalibu utaingia katika kila pua itakayotolewa humo. Fundi hulitazama kwa taa ndefu iliyowekwa mbali: mstari wa mwanga unapopita juu ya umbo lazima uteleze bila kuvunjika. Ukivunjika kidogo tu, hapo pana bonde. Kidole hakikulisikia, mwanga umelisema.

Kabla ya hapo pia lazima afikirie namna kalibu itakavyotoka. Hapa ndipo napenda akili ya kazi hii. Umbo lenye mahali palipojikunja kwa ndani litanasa. Ukilivuta litapasuka lenyewe au litapasua kalibu. Kwa hiyo pua ya mviringo hugawanywa katikati, kalibu inatengenezwa kwa vipande viwili vyenye midomo inayofungwa kwa bolti, na yote hayo huamuliwa siku ambazo bado hakuna tone la resini lililomwagwa. Fundi anaona siku ya kutoa wakati bado yuko siku ya kuingiza.

Mara ya pili ni kalibu. Umbo hupakwa nta, linasuguliwa mpaka ling'ae, linapakwa tena, tabaka baada ya tabaka, kwa kuwa mahali pasipo na nta patashikana na hapatatengana tena. Juu ya nta inakuja gelkoti, ganda la resini lenye unene wa nusu milimita hivi. Fundi husubiri mpaka igandegande: ukiigusa inapokea alama ya kidole lakini haimfuati mtu. Akiwahi, resini itaikunja kama ngozi ya maziwa. Akichelewa, tabaka mbili hazitaoana. Kisha mkeka wa faiba, mara nyingi ule wa gramu 450 kwa mita ya mraba, unalazwa na kunyweshwa resini, na rola dogo la chuma linapita, linapita, linapita, kufukuza hewa. Povu lililobaki chini ya gelkoti halisemi kitu siku hiyo. Litasema miezi baadaye gari likiwa limeegeshwa juani, ambapo ganda jembamba litapasuka na kuacha tundu.

Hadina ndiyo inayoiamrisha resini igande, na kipimo chake ni kati ya 1 na 2 katika 100. Ikipungua, kazi inabaki mbichi. Ikizidi, inachemka, inapinda, inadhoofika. Vitabu vya kazi hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi wanaohangaika kuipasha karakana moto. Fundi wa Temeke ana shida iliyo kinyume chake: Januari na Februari joto hufika nyuzi 31 na 32, na resini iliyokorogwa humgandia kikoponi dakika chache baadaye, ikitoa moshi. Basi anaanza alfajiri. Anakoroga kidogo kidogo, kwenye vikopo vya mdomo mpana ili joto lisijikusanye, anapunguza hadina hadi karibu na ukingo wa chini, na kazi anaifunga kabla jua halijasimama. Anavaa barakoa na miwani, na kama havai lazima aambiwe kwa ukali, maana tone la hadina likiingia jichoni linaweza kulipofusha.

Mara ya tatu ni pua yenyewe, nayo hurudia hatua zilezile ndani ya kalibu: nta, gelkoti, mkeka, rola. Halafu mtihani wa mwisho wa subira, kuiacha humo siku kadhaa ilhali mikono inawasha kutaka kuitoa. Faiba ikitolewa ingali changa hujipinda inavyotaka. Ikikomaa, kabari za mbao zinapenyezwa kwenye midomo ya kalibu, maji yanamwagwa kati, kiganja kinapiga nje hapa na pale, na kipande kinaachia kwa mlio mmoja mkavu.

Mabati ya ubavuni ni kazi ya watu wengine kabisa. Alumini hukunjwa juu ya ukingo wa mbao kwa nyundo ya mpira au ya mti, kisha inashikizwa kwenye fremu kwa ribiti. Fundi anayeunda masanduku ya bati ya wanafunzi anaujua mkunjo huo kwa moyo: anakunja ukingo maradufu ili usikate mkono na ili bati lenyewe lisitetereke. Analopaswa kuongezewa ni tahadhari ya pwani. Alumini na chuma vikigusana penye hewa ya chumvi, alumini huliwa. Lazima kati yao pawe na rangi na utepe wa mastiki, na ribiti nazo zichaguliwe kwa akili. Gari linaloundwa Mbagala haliwezi kunakili kila kitu kutoka kwa gari la Uingereza, maana hewa yenyewe si ileile.

Mahali palipopinda pande mbili kwa pamoja, bati halikunjiki tena, linapaswa kunyooshwa au kukusanywa kwa nyundo. Hao ndio mafundi bodi, na sijui kazi ya mikono inayonishangaza zaidi katika gereji zetu. Bati la chuma lililovutika na kuwa na tumbo hulipasha moto doa dogo mpaka liwe jekundu, wanaligonga polepole, wanalipoza kwa kitambaa chenye maji, na lile tumbo linanywea. Kisha wanapitisha kiganja. Hawatazami, wengi hugeuza uso kando au kufumba macho, kiganja kikitembea kwa urefu kwenda na kurudi, wakati mwingine juu ya kitambaa chembamba ili ngozi isikwame. Kiganja kikisimama, nyundo inafuata. Chuo cha VETA pale Chang'ombe kinaweza kumfundisha kijana majina ya nyundo na mpangilio wa kazi, na ni vizuri afundishwe. Kile kiganja hukipata kwa kusimama miaka kando ya mtu mwenye nacho.

Nyaya nitazitaja kwa ufupi, kwa kuwa kazi nzuri ya nyaya hujulikana kwa ukimya wake: kila waya na rangi yake, kila saketi na fyuzi yake, waya wa ardhini umefungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, na mafungu yameshikwa mbali na ekzosi. Breki zinataka umakini mkubwa kuliko zote, na hapo sioni nafasi ya kubana matumizi. Silinda kuu, mabomba na hozi viwe vipya. Chuma cha fremu unaweza kukiokoteza, breki haziokotezwi.

Kuna wanaodharau magari ya kuiga. Husema ni ya bandia. Ninawaelewa pale muundaji anapobandika nembo ya kiwanda kikubwa kwenye pua ya gari lililotoka uani kwake. Huo ni udanganyifu, na unamdhulumu yeye mwenyewe kwanza, kwa sababu unaipa kampuni ya mbali sifa ya mikono yake. Lakini umbo la Lotus Seven limeundwa upya na watu wengi katika nchi nyingi kiasi kwamba limekuwa kama bahari ya shairi ambayo kila malenga anaruhusiwa kuitungia. Muundaji wa Dar es Salaam ana mengi ya kubadilisha, na mabadiliko hayo ndiyo kazi yake halisi. Seven hulala chini mno, hivyo hapa lazima iinuliwe ili ivuke matuta na mitaro ya mitaa isiyo na lami, na ikiinuliwa zile hesabu za tairodi zinaanza tena. Rejeta inataka nafasi na feni ya nguvu kwa ajili ya foleni ya Mbagala saa 11 jioni. Vumbi linataka kichujio cha hewa kikae juu, si pale mbele chini kilipochorwa. Ukimaliza kuyafanya hayo yote kwa usahihi, bandika jina lako.

Gari linapokaribia kukamilika, wanaoijua kazi hii hufanya jambo linalowashangaza majirani. Wanaliendesha likiwa uchi. Fremu, injini, magurudumu, kiti kimoja kilichofungwa kwa bolti, mtungi wa kuzimia moto karibu, na mwendo wa mtu anayetembea, uani au kwenye kiwanja kitupu. Breki zinajaribiwa mara nyingi kabla ya gia ya pili kuguswa. Uzi unafungwa ubavuni kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele kuona kama yote yanatazama upande mmoja. Baada ya mwendo huo mfupi kila nati inakaguliwa kwa spana, na iliyokazwa inapigwa mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili ikilegea hata kidogo mstari uonekane umekatika.

Halafu pua na madigadi vinafungwa, matundu yanatobolewa, kila kitu kinakaa mahali pake, gari linasimama zima kwa mara ya kwanza na watoto wa mtaa wanalizunguka. Siku inayofuata linafunguliwa lote. Pua inatoka, mabati yanatoka, injini inaninginizwa juu kwa mnyororo, fremu inabaki mifupa kama ilivyokuwa mezani, kwa sababu rangi haipigwi juu ya vitu vilivyofungwa. Fremu inapigwa praima mpaka ndani ya pembe. Madigadi yanapigwa msasa upya. Masika ikiwa imekaribia, rangi inasubiri, maana unyevu wa hewa huitia ukungu; kiangazi kikirudi, sakafu ya ua inamwagiwa maji kulaza vumbi, turubai linavutwa pande nne, na fundi rangi anaanza na sehemu za ndani.